UZI: Nabadilisha tairi za pikipiki ya zamani, saizi za inchi zinanichanganya, nipeni muongozo

chombo_cha_75
Wakuu habari zenu. Nina Honda CB750 ya mwaka 1975, ile ya silinda nne, diski moja mbele na breki ya ngoma nyuma, rimu zote za spoku. Niliipata kwa mzee mmoja alikuwa kaipaki tu miaka na miaka. Injini iko poa, karbureta zimesafishwa, umeme umekaa sawa, sasa kilichobaki ni tairi na hapa ndo nmekwama.

Mbele ina 3.25-19 ya ribu, zile zenye mistari mirefu inayozunguka tairi nzima. Nyuma mtu aliifunga 120/90-18 ya kampuni nyingine kabisa. Nikifika spidi 90 hivi usukani unaanza kucheza kidogo kidogo, na kwenye kona nyuma inagoma kulala, nikiilazimisha inalala ghafla kama imeteleza vile, roho inaruka. Ajabu ni kwamba meno bado yapo marefu tu, nyuma hata nusu haijaisha, ndo maana jamaa mmoja kaniambia nisipoteze hela tairi bado nzima. Manual inasema saizi yake ni 3.25H19 mbele na 4.00H18 nyuma, nikiingia kutafuta naona mambo ya 90/90, 100/90, 110/90, B, R, TL, TT, kichwa kinauma. Na mwingine kaniambia nyuma nipige 130 kabisa chombo kipendeze. Nisaidieni, nianzie wapi?

fundi_rimu
Mkuu kabla ya brendi na saizi, chukua tochi na kitambaa kaangalie ubavu wa hizo tairi pande zote mbili, tafuta herufi DOT ufuate mpaka mwisho kuna tarakimu. Zikiwa nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Zinaandikwa upande mmoja tu wa tairi mara nyingi, kwahiyo usipoziona geuza. Njoo na jibu af tuendelee.

chombo_cha_75
Mbele 0911. Nyuma nmeona tarakimu tatu tu, 418. Imefutika nini?

fundi_rimu
Hahaha haijafutika mzee. Tarakimu tatu ni mfumo wa kabla ya 2000. Hiyo ni wiki ya 41 ya mwaka unaoishia na 8, yaani 1998 au hata 1988, na pembeni kukiwa na kapembetatu kadogo basi ni miaka ya 1990. Hiyo tairi inaweza kuwa na umri kuliko baadhi ya watu humu. Meno kuwepo siyo hoja kabisa. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa stoo, mafuta yanayoufanya uwe laini yanaisha, unakuwa mgumu, haushiki lami, na ikiwa na maji ndo balaa zaidi. Bonyeza kwa ukucha katikati ya meno, mpira mzima unabonyea kidogo, huo wako nadhani utasikia kama unagusa plastiki. Af ikunje kidogo kwenye ubavu na chini ya mifereji uangalie nyufa ndogo ndogo.

Michelin wanashauri tairi ikifika miaka 5 tangu ianze kutumika ikaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na ikifika 10 tangu itengenezwe itolewe hata kama inaonekana nzuri. Yako ya mbele nayo imeshapita. Toa zote mbili, na huyo aliekuambia bado nzima mwambie akafunge yeye.

kona_kali
Naunga mkono. Watu wa pikipiki za zamani hawamalizi tairi kwa kutembea, wanazimaliza kwa kupaki. Pikipiki inatoka mara chache, tairi inaonekana mpya milele, kumbe imeshakufa zamani.

mzigo_mzito
Mimi nasema piga 130 nyuma mkuu. Mpira mwingi barabarani ndo mshiko mwingi, hesabu rahisi tu. Mbona pikipiki za sasa zina 180 na 190?

fundi_rimu
@mzigo_mzito hapana kaka, hapo ndo watu wengi wanaharibu. Hizo zenye 180 zina rimu ya inchi 5.5. CB750 ya zamani rimu ya nyuma ni inchi 2.15 tu, ya mbele ni 1.85. Imechongwa kwenye rimu yenyewe, angalia karibu na tundu la vali, utaona 2.15x18 au kwenye pikipiki za Kiingereza utaona WM3. WM1 ni 1.60, WM2 ni 1.85, WM3 ni 2.15, WM4 ni 2.50.

Ukichukua tairi pana ukalibana kwenye rimu nyembamba, kingo zinavutwa ndani, mgongo wa tairi unakuwa mkali katikati badala ya kuwa duara. Kwahiyo ukiwa umenyooka unakanyagia kamstari kembamba, ukilala unadondokea ubavuni. Soma tena alichoandika mtoa uzi, nyuma inagoma kulala af inalala ghafla. Ana 120/90, ambayo rimu yake hasa ni 2.75, imebanwa kwenye 2.15. Umepata upana wa kupiga picha, mshiko umepungua. Na hapo bado hujagusa cheni, madigadi, na ile fimbo inayoshikilia sahani ya breki ya nyuma, maana 130 kwenye swingamu ile (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) sidhani hata itazunguka bila kukwaruza kitu.

mzigo_mzito
Sawa sawa mkuu nmekuelewa, ila kwa macho 130 inapendeza bwana tusidanganyane.

mama_wa_XT
Ikipaki inapendeza ndio. 😄

Mtoa uzi hii ya inchi na milimita usiiogope, ni hesabu ya darasani tu. Tairi za zamani za inchi kama 3.25 na 4.00, urefu wa ubavu unakaribia kuwa sawa na upana wake. Kwenye za milimita ile namba ya pili ndo asilimia. 90/90-19 maana yake upana 90, ubavu ni asilimia 90 ya huo upana yaani 81, rimu inchi 19. Sasa piga kimo cha tairi nzima:

90/90-19: 81 mara mbili ni 162, jumlisha rimu 482.6, unapata kama 645 mm
3.25-19: 82.5 mara mbili ni 165, jumlisha 482.6, unapata kama 648 mm

Tofauti milimita tatu, hamna kitu. Nyuma sasa:

4.00-18: kama 660 mm
110/90-18: kama 655 mm
120/90-18: kama 673 mm

Unaona 120/90 uliyofungiwa imeinua nyuma. Kimo kimeongezeka milimita 13, ekseli imepanda kama 6 na nusu, na nyuma ikipanda shokapu za mbele zinasimama zaidi, usukani unakuwa mwepesi na wa kuhangaika. Ongeza na tairi ya mbele iliyokauka, hapo kutikisika spidi 90 sishangai. Mimi ningeenda 90/90-19 au 3.25-19 mbele na 110/90-18 au 4.00-18 nyuma. Zote zinakubali rimu zako.

Ila kuna mtego kwenye inchi, 4.10 na 4.60 zilikuja baadae zikiwa fupi ubavuni. 4.10-18 ni fupi kuliko 4.00-18 ingawa namba yake kubwa. Pikipiki yangu ya Yamaha XT nyuma ni 4.00-18, nmeshaona watu wanaifungia 4.10 wakidhani wameongeza kimo.

chombo_cha_75
Dada asante sana, umenitoa gizani aisee. Kwahiyo hii 120 ilikuwa inaharibu na spidomita pia?

kona_kali
Ndio, tairi kubwa spidomita inasoma chini ya spidi halisi.

mama_wa_XT
@kona_kali siyo kwenye CB750. Waya wa spidomita unatoka gurudumu la mbele. Nyuma ukibadilisha kimo kinachobadilika ni mzunguko wa injini kwa spidi ileile, yaani kama umepunguza meno kidogo kwenye sproketi ya nyuma. Kwahiyo akicheza na kimo cha tairi ya mbele ndo spidomita itamdanganya.

kona_kali
Kweli kabisa, nilikuwa nawaza hizi mpya.

spoku_thelathini
Naomba nigusie herufi maana hakuna aliyezigusa. 3.25H19, hiyo H katikati ni kiwango cha spidi, H ni 210 km/saa. S ni 180, T ni 190, V ni 240. Chini yake kuna P 150, M 130, L 120, J 100. CB750 ilikuwa inakimbia karibu 200 enzi zake ndo maana kiwandani ikapewa H. Sasa kuna tairi nyingi zenye saizi ya 4.00-18 zimetengenezwa kwa pikipiki ndogo za mzigo, zimeandikwa P au M, na zinaingia kwenye rimu vizuri kabisa, fundi asiyejali anakufungia. Hata kama wewe hukimbii 200, hiyo herufi inabeba pia joto. Tairi ya kiwango cha chini kwenye chombo kizito inapata moto haraka.

Kuna namba kabla ya herufi, hiyo ni mzigo. 52 ni kilo 200, 54 ni 212, 57 ni 230, 61 ni 257, 64 ni 280. 4.00-18 nyingi zinakuja na 64, 110/90-18 nyingi zinakuja na 61. Piga hesabu yako mkuu. Chombo na mafuta ni kama kilo 235, ukipakia watu wawili wenye jumla ya kilo 150 inakuwa 385. Nyuma ikibeba hata asilimia 60 ni kilo 231, kwahiyo 61 inatosha. Ila kama unapanga mabegi makubwa na safari ndefu za watu wawili ningechukua 4.00-18 yenye 64 bila kufikiria.

Zile 4PR na 6PR ni mfumo wa zamani wa kuonyesha uimara wa tabaka, 6PR inabeba zaidi lakini inakuwa ngumu ngumu.

kona_kali
Usisahau na M/C. Tairi ya pikipiki ina alama ya M/C ubavuni ili isichanganywe na ya gari kwa zile saizi zinazofanana, maana ukingo unaokaa kwenye rimu ni tofauti. Kuna watu wanafunga tairi ya gari nyuma ya pikipiki kwa makusudi, ati inakaa muda mrefu. Mimi siwezi. Tairi ya gari ni bapa, pikipiki inageuka kwa kulala.

chombo_cha_75
Na hii R na B na kistari? Kuna jamaa anauza radiali nzuri tu za kutoka kwenye pikipiki ya kisasa, za inchi 17.

fundi_rimu
Za inchi 17 haziingii kwenye 18 wala 19 mkuu, hapo hamna mjadala, na zingeingia bado ningekataa.

Ukiona kistari kama 4.00-18 au 110/90-18 hiyo ni tairi ya nyuzi zilizopishana kwa mshazari, wanaita baisi. B ni baisi yenye mkanda wa kuongezea nguvu chini ya meno. R ni radiali, nyuzi zimekwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Radiali zilianza kuingia kwenye pikipiki za barabarani miaka ya 1980, na fremu, shokapu na rimu za baada ya hapo zilichorwa zikiwa na tairi hizo kichwani. Chombo chako cha 1975 fremu yake inategemea ule ubavu mgumu wa baisi ufanye kazi yake. Radiali ubavu wake laini, unahitaji rimu pana kuusimamisha.

Kuchanganya sasa ndo usifanye kabisa kichwani mwako, hasa radiali mbele na baisi nyuma. Mbele inaitika haraka, nyuma inachelewa, chombo kinayumba katikati kama gari lenye trela. Kama ni pea iwe pea, muundo mmoja, ikiwezekana kampuni moja na modeli moja, kwasababu wale wanaozitengeneza wamezijaribu pamoja.

mzee_wa_bonneville
Vijana nawasoma tu. Nina Triumph ya miaka ya 60 nayo ni 3.25-19 na 4.00-18, kwahiyo tuko boti moja. Naomba nitoe historia kidogo maana mnaongea namba tu. Dunlop walikuwa na tairi inaitwa K81. Mwaka 1969 Malcolm Uphill akakimbia mbio za TT za Isle of Man daraja la pikipiki za kawaida zinazouzwa madukani, juu ya Triumph Bonneville yenye tairi hizo, akapiga mzunguko wa wastani wa maili 100 kwa saa, wa kwanza kwa pikipiki ya dukani pale. Dunlop wakaibadilisha jina tairi ikawa TT100. Inauzwa mpaka leo kwa muonekano uleule wa zamani.

Sasa nashauri hivi. Kuna makundi mawili ya tairi za vyombo vyetu. Kuna zenye sura ya zamani kama K70 na TT100, hizi ni kwa mtu anaetaka chombo kionekane kama siku kilipotoka. Na kuna zenye saizi za zamani lakini mpira na muundo wa kisasa, Bridgestone BT46, Avon Roadrider MKII, Michelin Road Classic. Mimi nimepita kwenye makundi yote na kwa mtu anaeendesha kweli, siyo wa kwenda kwenye maonyesho, nachukua kundi la pili bila kusita. Kwenye maji tofauti unaisikia siku hiyohiyo.

mama_wa_XT
Mzee shikamoo. Swali, tairi ya ribu mbele bado unaipenda?

mzee_wa_bonneville
Marahaba binti. Ribu ilikuwa na sababu zake, inanyooka vizuri na inakuwa nyepesi kuielekeza. Shida yake inafuata mifereji ya barabara, ukikuta lami imechanwa kwa urefu au pale panapounganishwa lami mpya na ya zamani inavutwa vutwa. Na ikiisha katikati ikawa bapa, hapo ndo inakuwa mbishi. Siichukii ila siinunui tena.

spoku_thelathini
Nikiongezea kwa mtoa uzi, ukishaamua, hakikisha ya mbele imeandikwa FRONT na ya nyuma REAR au iwe ile inayokubali kote kote. Na mshale. Kwenye tairi ya mbele nguvu kubwa ni ya breki, nyuma nguvu kubwa ni ya kusukuma, kwahiyo ile sehemu mpira ulipounganishwa kiwandani inatakiwa ielekee upande unaofaa. Ndo maana baadhi ya tairi zina mishale miwili, mmoja ukifunga mbele na mwingine ukifunga nyuma, na inaelekea kinyume. Fundi akifunga kinyume tairi itazunguka tu lakini hujafuata ilivyokusudiwa.

chombo_cha_75
Nmewaelewa wakuu. Swali langu la mwisho mwisho, tyubu au tyublesi? Karibu zote nzuri mnazotaja zimeandikwa TL. Rimu zangu spoku. Kuna fundi kaniambia anaziba matundu ya spoku kwa silikoni kwa ndani natupa tyubu.

fundi_rimu
Hapa naomba tuelewane vizuri maana ni sehemu watu wanaumia.

Tairi ya TL (tyublesi) unaweza kuifunga kwenye rimu ya tyubu, ukiiwekea tyubu ya saizi yake. Kampuni nyingi zinakubali hivyo kwa tairi za aina hii, soma tu wameandika nini kwenye jedwali lao. Kinachokatazwa ni kinyume chake, tairi ya TT (ya tyubu) kuiendesha bila tyubu.

Silikoni sasa. Tatizo siyo matundu tu. Rimu ya tyublesi ina kinundu kidogo kinachozunguka kwa ndani, kinazuia ukingo wa tairi usidondokee katikati ya rimu upepo ukipungua. Rimu yako ya 1975 haina hicho kinundu. Sasa ukipata pancha ukiwa spidi, ukingo unateleza kuingia katikati na tairi linacheza hovyo kwenye rimu. Wapo wanaofanya na wapo wanaouza vifaa vya kuziba, sisemi hawapo, ila kwa rimu yenye umri huo na kutu ya ndani mimi mkono wangu sitii.

Kwahiyo tyubu. Na tyubu MPYA, siyo ile uliyoitoa. Tyubu ikitumika inavutika inakuwa kubwa, ukiirudisha kwenye tairi jipya inajikunja, na pale ilipojikunja ndo itakatika. Saizi yake isome kwenye boksi, 3.25/3.50-19 kwa mbele. Usiweke tyubu ndogo ukitegemea itavimba, inakuwa nyembamba kama puto. Paka poda kidogo kabla haijaingia.

Na utepe wa rimu. Ule mpira unaofunika vichwa vya spoku, toa wa zamani weka mpya, hiki kitu ni cha bei ya chini kuliko vyote kwenye kazi hii na watu wanakiruka. Kabla ya kuuweka pitisha kidole taratibu kuona kama kuna spoku imechomoza juu ya nipeli yake (kile kinati cha spoku), kama ipo ipige msasa iwe sawa.

kona_kali
Mkuu ile nati ya vali ya tyubu unakaza mpaka wapi? Kuna sehemu nmeona watu wanaikaza kwenye rimu kwa spana kabisa.

fundi_rimu
Usikaze kwenye rimu. Irudishe juu ikabane na kofia ya vali, iwe huru chini. Tairi ikiteleza kidogo kwenye rimu, vali italala upande na wewe utaiona unapokagua, unatoa upepo unairekebisha. Ukiikaza haitalala, itachanika pale chini kwenye shina na upepo wote unaondoka kwa mpigo. Tyubu siyo kama tyublesi inayovuja pole pole, kwenye rimu ya spoku upepo unatokea kila tundu.

mama_wa_XT
Kwa sisi tunaoingia porini na upepo mdogo kuna kile kibano cha rimu kinachoshika tairi isizunguke. Kwa lami mtoa uzi hukihitaji.

mzigo_mzito
Kuna swali hapa la mchango wangu maana naona mnaniona adui. Mimi natumia nusu lami nusu vumbi, nafunga za kashata kubwa, zile za meno marefu ya porini. Kwa CB je?

mama_wa_XT
Hamna anaekuona adui kaka 😂. Kwa CB yake anayoenda nayo lami tupu kashata ni kujitesa. Meno marefu yanapinda chini ya uzito wa kilo 235, kwenye kona unahisi chombo kinaelea, breki zinarefuka hasa kukiwa na maji kwasababu mpira unaogusa chini ni mchache, na yanaisha katikati haraka sana. Kwangu mimi ina maana kwasababu nusu ya njia zangu ni mawe na tope. Hata hivyo nimechagua zile za katikati, siyo za mashindano. Jiulize kwa ukweli unatembea wapi zaidi, siyo unatamani kutembea wapi.

chombo_cha_75
Nmeamua wakuu. 90/90-19 mbele, 110/90-18 nyuma, modeli moja, zote baisi, kiwango H. Tyubu mbili mpya, tepe mbili. Muuzaji nmemwambia anitumie picha ya DOT kabla sijalipa, kaguna kwanza ila katuma. Kuna cha kuangalia wakati gurudumu liko nje?

spoku_thelathini
Kipo kingi na ndo wakati wake. Beringi za gurudumu, ingiza kidole uzungushe, ukisikia mchanga badilisha. Nyuma angalia zile raba za kupunguza mshtuko ndani ya haba (kitovu cha gurudumu) upande wa sproketi, kwa umri huo zitakuwa zimekuwa mawe. Ngoma ya breki safisha, kagua viatu vyake vya breki. Spoku zigonge moja moja na kitu cha chuma kidogo, zote zitoe mlio unaofanana, inayolia bubu imelegea. Sugua kutu ndani ya rimu, hasa pale ukingo wa tairi unapokaa.

Kile kitone cha njano kwenye tairi ukikiona kielekeze kwenye vali, ni sehemu nyepesi ya tairi, inasaidia kubalansi. Na ukishajaza upepo angalia ule mstari mwembamba uliochorwa ubavuni karibu na rimu, uwe na umbali sawa mzunguko mzima pande zote. Ukizama sehemu moja basi ukingo haujakaa, toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena. Usiongeze upepo kwa nguvu kupita kile kilichoandikwa kwenye tairi ati mpaka ipige kelele.

kona_kali
Upepo wa kuendeshea upime asubuhi tairi zikiwa baridi, siyo baada ya kutoka barabarani. Anza na ule wa kwenye manual. Tairi za kisasa mara nyingi zinapenda kuzidi kidogo kuliko manual ya 1975, kwahiyo kaangalie na jedwali la aliezitengeneza, wengi wana namba kwa kila modeli ya pikipiki.

mzee_wa_bonneville
Na ukishafunga usiende kuzijaribu kwenye kona siku hiyohiyo. Uso wa tairi jipya unateleza, kilomita 160 za kwanza ni za upole, ukilala ongeza kidogo kidogo. Usipake ile dawa ya kung'arisha tairi hata siku moja, kwenye gari wanapaka, kwenye pikipiki tunalalia ubavu.

chombo_cha_75
Mrejesho wakuu. Zimefungwa. Raba za haba kweli zilikuwa mawe, nmebadilisha. Spoku nne zilikuwa zimelegea nyuma. Ule mchezo wa usukani pale 90 umeondoka, na kwenye kona sasa inalala yenyewe bila kubishana, sikujua kama chombo hiki ni chepesi namna hii. Iliyobaki ni kwamba kwenye spidi ndogo nikiachia mikono kidogo inavuta kushoto.

fundi_rimu
Angalia mstari wa magurudumu kwanza. Ulipokaza cheni ulifuata zile alama za kwenye swingamu? Usiziamini sana, weka uzi au ubao mnyoofu kutoka tairi ya nyuma hadi ya mbele pande zote mbili, kumbuka ya mbele ni nyembamba kwahiyo iache nafasi sawa kila upande. Ikiwa sawa af bado inavuta, inua mbele uguse beringi za shingo.

chombo_cha_75
Nilifuata alama tu. Napima kesho asubuhi.